Kioo Kisipasuke: Somo kwa Wanaosafisha Dhahabu Nyumbani

Mchimbaji wa Macalder, Osiri au Mikei anaweza kushinda mgodini wiki nzima akitafuta gramu chache za dhahabu. Gramu hizo zikiwa ndani ya asidi moto, chombo kikipasuka, jasho la wiki humwagika sakafuni mara moja, na mwenyewe huenda akaungua macho au miguu. Wakazi wanaosafisha dhahabu kwa asidi ya naitriki wanakumbushwa kwamba kioo hakipasuki bila sababu, na sababu hizo zinaweza kuzuiwa.

Kwa nini kioo hupasuka

Kioo kikipata joto hutanuka. Sehemu moja ikitanuka upesi kuliko nyingine, ufa hutokea. Ndiyo maana chupa ya jamu au glasi ya chai haifai kazi hii. Kioo cha maabara, kiitwacho borosiliketi, hutanuka takriban thuluthi moja tu ya kioo cha kawaida. Hata hivyo, nacho hupasuka kikitolewa motoni na kuwekwa kwenye saruji baridi, au kikimiminiwa maji baridi.

Sababu ya pili ni mikwaruzo. Mkwaruzo mdogo ndio mwanzo wa ufa, hata kama chombo kimetumika miezi mingi bila tatizo.

Sababu ya tatu husahauliwa na wengi: asidi inapoyeyusha fedha na shaba iliyo ndani ya dhahabu, hutoa joto lake yenyewe. Chombo kinaweza kuchemka ghafla hata kabla ya jiko kuwashwa.

Hatua za kufuata

1. Kagua chombo kwenye mwanga kabla ya kila kazi. Chenye ufa, mkwaruzo au ukingo uliomeguka kisitumike.
2. Kisafishe kwa sponji laini, si kwa waya wa kusugulia sufuria.
3. Usikiweke juu ya moto moja kwa moja. Tia mchanga mkavu kwenye karai, kisha kiweke juu ya mchanga huo. Mchanga husambaza joto polepole, na chombo kikivuja hushika dhahabu, ambayo inaweza kuoshwa tena baadaye.
4. Ongeza asidi kidogo kidogo, ukisubiri povu litulie. Chombo kisijae kupita nusu.
5. Usiache kikauke kikiwa motoni.
6. Kazi ikiisha, zima moto na ukiache kipoe ndani ya mchanga huo huo.

Kikipasuka

Usikimbilie dhahabu. Ondoa watoto na watu wengine, kisha ukae upande unakotoka upepo. Moshi wa kahawia unaotoka kwenye asidi ni sumu. Madhara yake mapafuni yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Aliyeuvuta apelekwe hospitalini hata akijihisi mzima. Kwa sababu hiyo, kazi hii ifanywe nje mahali penye hewa, kamwe si jikoni.

Asidi iliyomwagika ifunikwe kwa mchanga mkavu, kisha inyunyiziwe magadi polepole hadi povu likome. Usitumie machujo ya mbao wala matambara, kwani asidi ya naitriki yenye nguvu inaweza kuyawasha moto. Iliyogusa ngozi au macho ioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha mhusika aende hospitalini. Miwani ya kinga, glavu na viatu vilivyofunika vidole vivaliwe tangu mwanzo.

Biashara ya madini inahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016. Aidha, mkazi asiye na chombo cha maabara, karai la mchanga na nafasi ya wazi nje ya nyumba anashauriwa asianze kazi hii. Dhahabu ambayo haijasafishwa bado ina thamani, lakini jicho likiharibika halina badala.