SOMO LA MAFUNDI NA MADEREVA: SENSA YA OKSIJENI NA CHUPA YA HAIDROJENI



Katika ziara zetu za matawi tumekuta jambo linalowasumbua madereva na mafundi kwa pamoja. Tajiri mmoja alinunua chupa ya kutengeneza gesi ya haidrojeni kutokana na maji, akamwamuru fundi aifunge katika gari la abiria. Siku ile ile akampunguzia dereva petroli ya kutwa, kwa kuwa muuzaji alimwahidi kwamba gari litakula nusu. Baada ya wiki chache valvu ziliungua. Fundi akaambiwa amefunga vibaya, dereva akaambiwa ameendesha vibaya, na wote wawili wakakatwa mshahara. Muuzaji hakuulizwa neno.

Tumeandika somo hili ili mwanachama akisimama mbele ya tajiri aeleze kwa ujuzi, si kwa hasira.

1. Kazi ya sensa ya oksijeni

Ili petroli iungue sawasawa, kilo moja huhitaji kilo 14.7 za hewa. Zamani kabureta ilikadiria tu. Mwaka 1976 kampuni ya Volvo ilianza kuuza katika jimbo la California, Marekani, magari yenye sensa ya Bosch iliyofungwa katika bomba la moshi. Sensa hiyo hulinganisha oksijeni iliyobaki katika moshi na oksijeni ya hewa ya nje. Ikipata joto la kutosha, zaidi ya digrii 300, hutoa umeme mdogo. Petroli ikizidi, hutoa karibu volti 0.9. Hewa ikizidi, hutoa karibu volti 0.1. Kompyuta ya gari husoma umeme huo, kisha huongeza au hupunguza petroli. Kwa hiyo sensa ni shahidi wa injini.

2. Chupa inatoa nini na inakula nini?

Tupige hesabu. Chukua chupa yenye vyumba sita vilivyounganishwa kwa mfuatano, inayokula ampea 20 kwa volti 13.8. Hata isipopoteza gesi yoyote, kwa saa moja itatoa gramu 4 na nusu tu za haidrojeni. Nguvu yake ni sawa na ya petroli ya kijiko kimoja cha mezani na tone kidogo juu yake.

Je, umeme wa kuitengeneza umetoka wapi? Umetoka kwa alteneta, na alteneta inazungushwa na injini. Injini hugeuza kama robo tu ya nguvu ya petroli kuwa mwendo, na alteneta nayo hupoteza sehemu yake. Ukijumlisha hasara zote, injini imechoma kama mililita 200 za petroli, yaani glasi moja, ili ipate kijiko kimoja. Biashara ya namna hiyo hata mama muuza mandazi hawezi kuikubali.

Wauzaji wengine husema gesi hiyo si mafuta bali inasaidia petroli iungue vizuri. Lakini injini nzima tayari huchoma karibu petroli yote inayopewa. Hasara kubwa ni joto linalopotea kwa moshi na kwa rejeta, na chupa hairudishi joto hilo.

Madai haya si mapya. Mwaka 1996 mahakama ya Ohio, Marekani, ilimwona Stanley Meyer, aliyedai kuwa na chombo cha kuendesha gari kwa maji, kuwa aliwalaghai watu wawili waliompa fedha zao. Aliamriwa awarudishie dola 25,000.

3. Kisanduku cha kurekebisha sensa

Chupa isipopunguza petroli, muuzaji huleta dawa ya pili. Husema sensa inaona oksijeni iliyotoka katika maji, inadhani hewa imezidi, nayo kompyuta inaongeza petroli bure. Kwa hiyo huuza kisanduku cha kufungwa katika waya wa sensa, ili kiongeze volti. Kompyuta ikiona volti nyingi hudhani petroli imezidi, ikaipunguza.

Tutazame vizuri. Maji yakitenganishwa hutoa haidrojeni pamoja na oksijeni inayoitosha haidrojeni hiyo kuungua, bila kubaki wala kupungua. Zikiungua huwa maji tena. Hakuna oksijeni ya ziada ya kumdanganya shahidi. Anayemdanganya ni kisanduku.

Jaribio ni rahisi: zima chupa, acha kisanduku. Petroli itapunguzwa vile vile. Ndipo utajua kwamba si maji yaliyofanya kazi. Injini imenyimwa chakula. Gari huishiwa nguvu mlimani na dereva hukanyaga zaidi. Petroli ikipunguzwa kupita kiasi, injini hukosa mapigo, na ikiwa na mzigo huweza kugonga na kuunguza valvu au pistoni. Petroli isiyoungua ndani ya silinda huenda kuungua katika kisafisha moshi, kile ambacho mafundi wengi hukiita masega, na kukiyeyusha. Tena hewa ikizidi, masega hushindwa kuondoa gesi za naitrojeni zinazoumiza mapafu ya sisi tunaoshinda gereji na barabarani.

4. Njia ya haki ya kupunguza petroli

Pasha injini moto. Tumia mita ya dijitali, shika mwendo wa mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, na upime waya wa ishara wa sensa. Volti ziwe zikipanda na kushuka upesi kati ya 0.1 na 0.9. Zikikaa chini, tafuta hewa inayoingia kwa siri, petroli isiyofika vizuri, au bomba la moshi lililotoboka kabla ya sensa. Zikikaa juu, tafuta injekta inayovuja au chujio la hewa lililoziba. Zikienda polepole, sensa imechoka, ibadilishe. Kipimo hiki ni cha sensa ya kawaida. Sensa za upana mkubwa zilizomo katika magari mengi mapya hupimwa kwa mashine ya kusomea kompyuta. Kisha angalia plagi na upepo wa matairi.

5. Hatari kazini

Gesi ya chupa hiyo hulipuka kwa cheche ndogo. Usiihifadhi, usivute sigara karibu nayo. Maji yake mara nyingi hutiwa kostiki, ambayo hupofusha macho. Vaa miwani ya kazi na glavu. Kostiki ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi mara moja, usipungue dakika 20, kisha nenda hospitali.

6. Msimamo wetu

Kwanza, amri ya kufunga chupa au kisanduku iandikwe na kutiwa sahihi na mwenye gari, naye abebe gharama ya madhara. Pili, petroli ya dereva isipunguzwe kwa maneno ya muuzaji. Ipimwe tangi limejaa hadi limejaa tena, njia ile ile na mzigo ule ule, kabla na baada, dereva akiwapo. Tatu, fundi asiadhibiwe kwa kukataa kazi yenye hatari kubwa iliyo wazi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa katika hatari ya namna hiyo.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Kwa nini kisanduku hupunguza petroli hata chupa ikizimwa?
2. Katika gereji yenu, nani hulipa injini ikiharibika kwa amri ya mwenye gari?
3. Je, amri hizo huandikwa? Kama haziandikwi, tuanze lini?