Jino la Kupandikiza: Tiba Yake na Hukumu Yake



Ndugu zangu katika imani, mmoja wa vijana wanaotuswalisha Alfajiri hapa kampasi alianguka na bodaboda njia ya Tororo. Alhamdulillah alipona, ila meno yake mawili ya mbele ya juu yaling'oka. Aliporudi akakataa kusogea mbele. Tulidhani anaona haya, kumbe alikuwa na hoja ya kielimu.

Herufi za thaa, dhaal na dhwaa hutoka pale ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno ya mbele ya juu. Faa nayo hutoka kwa ncha za meno hayo na mdomo wa chini. Katika hizo nne, dhaal peke yake ndiyo iliyomo ndani ya Suratul Faatiha, katika neno "alladhiina", na Faatiha ni nguzo ya swala. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, asiyeweza kutamka herufi ya Faatiha swala yake mwenyewe ni sahihi kwa udhuru wake, lakini hawaswalishi wanaoitamka sawasawa. Basi ndugu yetu alikuwa amefahamu fiqhi kuliko sisi tuliokuwa tunamsukuma mbele.

Daktari wa meno akamshauri apandikizwe. Mwenzetu mwingine akamwambia huko ni kubadilisha maumbile ya Allah. Akabaki njia panda, na ndiyo sababu ya darsa hili.

Kwanza: Kipandikizi ni nini?

Ni skrubu ndogo, aghalabu ya madini ya titaniamu, inayowekwa ndani ya mfupa wa taya ishike nafasi ya mzizi wa jino. Mwaka 1952 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza uponaji wa mfupa kwa kutumia kifaa cha titaniamu ndani ya mguu wa sungura. Alipotaka kukitoa kikagoma, kwa kuwa mfupa ulikuwa umekishika. Mwaka 1965 alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya. Larsson alifariki mwaka 2006, akiwa ameyatumia meno hayo kwa takriban miaka 40.

Kazi yenyewe huenda kwa hatua. Taya hupigwa picha ya pande tatu, ili daktari aone unene wa mfupa na mahali mishipa ya fahamu inapopita. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi, kisha mfupa hutobolewa polepole huku ukipozwa kwa maji ya chumvi, maana mfupa ukipata joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja huweza kudhurika na usishike tena. Skrubu ikishaingia husubiriwa miezi 3 hadi 6. Baada ya hapo hufungwa kiunganishi, na juu yake jino la kauri au la zirkonia.

Siku hizi kompyuta huweza kutengeneza kielekezi kinachomwonyesha daktari pembe na kina cha kutoboa. Mfupa ukiwa imara, baadhi ya wagonjwa huwekewa jino la muda siku hiyohiyo. Na aliyepoteza meno yote ya taya moja si lazima apandikizwe skrubu kwa kila jino. Nne zikipangwa vizuri huweza kubeba safu nzima.

Pili: Je, ni kubadilisha maumbile?

Wanaokataza hutegemea Suratun Nisaa, aya ya 119, na hadithi ya Ibn Mas'ud iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayowalaani wanaochonga mianya kati ya meno kwa ajili ya uzuri. Dalili ni sahihi, lakini tuangalie sababu iliyotajwa, nayo ni kutafuta uzuri. Imam Nawawi, alipoisherehesha hadithi hii, alieleza kuwa kilichoharamishwa ni kinachofanywa kwa kutaka uzuri. Anayehitaji kwa ajili ya tiba, au kwa kasoro iliyo kwenye jino, hana ubaya.

Dalili ya upande wa pili ni kisa cha Arfaja bin As'ad, kilichopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akaweka pua ya fedha ikanuka, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, lakini hapa iliruhusiwa kurudisha kiungo kilichopotea. Kwa kisa hiki Mashafi'i wakamruhusu mwanamume pua, ncha ya kidole na jino la dhahabu. Ikiwa dhahabu imeruhusiwa, titaniamu, ambayo haina katazo asilani, ina haki zaidi.

Wala jambo hili si geni kwa Waislamu. Abul Qasim Az-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika jinsi ya kufunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, na jinsi ya kuchonga jino la mfupa wa ng'ombe badala ya lililong'oka.

Kwa hiyo kurudisha jino lililopotea ni tiba. Kung'oa meno mazima ili uweke meupe zaidi ni jambo jingine, na hilo ndilo la kuogopwa.

Tatu: Swali ambalo wengi hawaliulizi

Mfupa wa taya ukiwa mwembamba, daktari huongeza mfupa. Huo huweza kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, kwa binadamu mwingine, kwa ng'ombe, kwa nguruwe, au ukatengenezwa kiwandani. Utando wa kuufunika nao mara nyingi hutokana na ng'ombe au nguruwe. Muulize daktari kabla hujatia saini fomu ya ridhaa, kwa sababu asiyeulizwa hana sababu ya kukueleza.

Nawawi ameligusa hili katika Minhaj: aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho twahara anapewa udhuru, na aliyefanya hivyo hali twahara kipo anatakiwa akiondoe, isipokuwa akihofia madhara. Wapo wanazuoni wanaoona kuwa kitu kikigeuka kabisa katika utengenezaji hukumu yake hugeuka pia. Njia ya salama ni kuomba mfupa wako mwenyewe au ule wa kiwandani, navyo kwa kawaida hupatikana.

Nne: Twahara na funga

Kusukutua ni sunna kwa Mashafi'i katika udhu na josho. Kwa Mahanafi ni faradhi katika josho, na kwa Mahanbali ni wajibu katika yote mawili. Kipandikizi hakizuii lolote katika haya, kwani kimeshikana na mwili na hakivuliwi.

Kuhusu funga, Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa kutoboa na kung'oa jino hakufunguzi ikiwa mtu hakumeza kitu. Lakini upasuaji huu hutoa damu na maji mengi, hivyo uweke baada ya Ramadhani.

Tano: Nani asubiri?

Ambaye taya yake bado inakua, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, na mvutaji sigara asiyetaka kuacha. Kipandikizi hakitoboki, lakini ufizi wake huoza usiposafishwa, na mfupa ukaliwa. Sunna ya mswaki inabaki palepale.

Asubiri pia ambaye hana pesa. Meno ya kuvaa na kuvua ni nafuu na yanatosheleza haja, kwa hiyo mkopo wa riba hauna kisingizio cha dharura hapa.

Ndugu yetu amechagua hivyo. Anaweka akiba ya kipandikizi, na kwa sasa amevaa meno ya bandia. Kabla ya kurudi mihrabuni alimsomea ustadhi wetu Faatiha, naye akamrudisha mara tatu kwenye dhaal. Ya nne ikatoka. Jumatatu iliyofuata alituswalisha Alfajiri.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.