SOMO LA WAFANYAKAZI: KOMPYUTA YA TAWI INAPOGOMA BAADA YA KUSASISHWA



Matawi yetu mengi, ya viwandani na ya mashambani, sasa yana kompyuta moja mezani kwa katibu. Ndani yake mna rejista ya wanachama, orodha ya makato ya ada, barua za malalamiko na kumbukumbu za mikutano. Orodha ya makato isipomfikia karani wa mishahara kwa wakati, ada ya mwezi haikatwi. Mwanachama ambaye jina lake halimo huambiwa kuwa si mwanachama siku ile ile anapohitaji kutetewa. Kwa hiyo somo hili si la mafundi peke yao.

Malalamiko yanayotufikia kutoka matawini hufanana. Jioni kompyuta ilikuwa nzima, usiku ikajisasisha, asubuhi imegoma. Sisi watu wa chama tunafahamu kwamba hakuna mgomo usio na sababu, wala haumalizwi kwa kumpiga mgomaji. Na kompyuta ni hivyo hivyo. Isipigwe kofi wala isizimwe ovyo. Itafutwe sababu.

Sasisho ni nini

Ndani ya kila kompyuta kuna programu moja kubwa inayozisimamia nyingine zote, kama mnyapara anavyogawa kazi asubuhi: huyu aende mizani, huyu apalilie, huyu abebe. Programu hiyo huitwa mfumo endeshi. Matawi mengi yanatumia Windows ya kampuni ya Microsoft. Kampuni hiyo hutoa marekebisho kila mwezi, Jumanne ya pili, na kwa saa zetu za Afrika Mashariki huwa ni saa 2 au saa 3 usiku. Hayo ndiyo masasisho, ambayo watu wengi huyaita apdeti. Yaani mnyapara anabadilishwa usiku, na asubuhi mnyapara mpya huenda hamjui fundi wa printa wala njia ya kwenda kisimani.

Basi katibu anayefahamu jambo hilo hapangi kupeleka orodha ya makato Jumatano inayofuata Jumanne hiyo. Huipeleka kabla, au huacha siku mbili tatu zipite.

Wako wenzetu walioamua kuzuia masasisho yote wasisumbuliwe. Hiyo si dawa. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja katika Windows. Wengi hawakuliweka. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika tundu hilo hilo, kikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fedha ili yafunguliwe. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani, na kampuni ya magari ya Renault ilisimamisha kazi katika baadhi ya viwanda vyake. Sasisho usilikatae, lichagulie wakati. Windows yenyewe inaruhusu kuahirisha kwa muda wa hadi wiki 5.

Hapo hapo tutaje Windows 10. Huduma yake ya kawaida ilifungwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi kuukuu tulizopewa na wafadhili haziwezi kupokea Windows 11, kwa sababu inadai mashine ya miaka ya karibuni. Muuzaji akikwambia ataiingiza kwa nguvu, mwulize nani atakuja itakapokufa.

Kabla ya sasisho

Nakala ya rejista iwekwe kwenye flashi, na flashi isikae ikiwa imechomekwa. Ichomolewe, ifungiwe kabatini. Majina yachapwe pia kwenye karatasi kila mwezi. Kompyuta ya kubebwa ijazwe chaji, na ile ya mezani isianze kusasishwa wakati mawingu ya mvua yamekusanyika, maana sote tunaujua umeme wetu. Kama umeme umekatika katikati ya kazi, ukirudi washa kisha uiache. Mara nyingi Windows hutambua kwamba kazi haikwisha, ikarudi yenyewe ilikokuwa. Inaweza kuchukua saa nzima huku skrini ikionyesha duara linalozunguka tu. Anayezima kwa sababu ya kukosa subira ndiye anayeharibu.

Matatizo madogo

Kompyuta imekuwa nzito. Baada ya sasisho hufanya kazi za chini kwa chini, kupanga upya orodha ya mafaili yake. Iache imewaka saa moja au mbili. Halafu iwashe upya kwa neno "Restart". Wengi hubonyeza "Shut down", wakasubiri, wakawasha tena, wakidhani ni mamoja. Si mamoja. Katika Windows za siku hizi, kuzima kwa kawaida huacha sehemu ya mfumo imehifadhiwa ili iwake upesi kesho yake, hivyo ugonjwa unalala nao na kuamka nao. "Restart" ndiyo huanza upya kabisa. Nimeona matatizo mengi yakiishia hapo, na fundi aliyekwisha kuitwa akalipwa nauli ya bure.

Printa haichapi. Tazama kwanza kama kompyuta bado inaichagua printa yenu, maana huweza kugeukia printa ya kubuni ambayo haiko chumbani. Kisha futa kazi zilizokwama kwenye foleni, zima printa, washa. Ikikataa, iondoe katika orodha ya vifaa na uiingize upya, ili mnyapara mpya ajulishwe. Lakini mjue kwamba mara nyingine kosa si lenu. Mwezi Machi 2021 sasisho la Windows lilizifanya kompyuta zianguke kila zilipoambiwa zichape kwenye printa za aina fulani, na Microsoft ikalazimika kutoa sasisho jingine la kutibu lile la kwanza.

Mtandao umekatika. Tazama saa na tarehe zilizoandikwa pembeni mwa skrini. Tarehe ikiwa ya miaka iliyopita, tovuti nyingi zitakataa kukufungulia, kwa kuwa vyeti vyao vya usalama vinapimwa kwa tarehe. Kompyuta kuukuu inayosahau tarehe kila umeme ukikatika inadai betri ndogo ya duara iliyo ndani yake, ambayo bei yake ni ndogo.

Mafaili yaliyopotea

Hapa ndipo moyo wa katibu hupasuka. Anafungua kompyuta, skrini ni tupu kama nyumba iliyohamwa, rejista haionekani.

Mara nyingi haikupotea. Huenda kompyuta imemfungulia chumba cha muda, si chumba chake, na ujumbe mdogo pembeni husema hivyo. Hapo asiandike chochote, bali atoke na kuwasha upya. Huenda mafaili yamehamishiwa katika folda ya OneDrive, ambayo Windows hupenda kuitumia siku hizi hata kama hukuomba. Au, ikiwa Windows nzima imebadilishwa kuwa toleo jipya, yako katika folda iitwayo Windows.old, ambayo hufutwa yenyewe baada ya siku 10 hivi. Tafuta kwa jina la faili katika diski yote.

Lakini yako pia yanayopotea kweli. Mwezi Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo jipya la Windows 10 ambalo lilifuta nyaraka na picha za baadhi ya watumiaji, na baada ya siku chache ikalisimamisha. Ikitokea hivyo, jambo moja tu ni la lazima, nalo ni kuacha kuitumia kompyuta hiyo papo hapo. Faili likifutwa, huenda kompyuta imefuta jina lake tu katika daftari la mashamba. Mazao bado yamesimama. Yataangamia siku mwingine atakapopewa shamba hilo akalilima, yaani utakapoandika barua mpya, utakapopakua wimbo, utakapoweka programu ya kutafuta faili humo humo. Zima, mpelekee fundi anayejua kuokoa data, na umwambie wazi kwamba hutaki Windows mpya, unataka mafaili. Vijana wengine wa madukani dawa yao ya kila homa ni kufuta yote na kuanza upya. Hulipwa, kompyuta inawaka vizuri, na historia ya tawi imekwisha.

Inapokataa kuwaka

Ikitokea skrini ya buluu, au nyeusi kwa Windows 11 za karibuni, yenye maneno na namba, usiogope na usiifunge. Nakili maneno yale, au yapige picha kwa simu. Ndiyo madai yake hayo, na fundi atayahitaji. Chomoa flashi, printa na kila kitu kisicho cha lazima, kisha washa. Ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, kwa kawaida mara ya tatu hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo mna njia ya kuondoa sasisho la mwisho, "Uninstall updates". Hiyo haifuti mafaili yako. Njia ya kuwa mwangalifu nayo ni "Reset". Hiyo husafisha nyumba, na isibonyezwe na mtu aliye peke yake ofisini.

Ukiona ujumbe wenye king'ora na namba ya simu ya kupiga, huo ni utapeli. Microsoft haiweki namba za simu katika ujumbe wake wa hitilafu.

Liko jambo jingine ambalo matawi mengi hayajalifikiria. Kompyuta mpya hufunga diski yake kwa kufuli la siri, na baada ya baadhi ya masasisho huamka ikidai ufunguo wenye tarakimu 48. Hayo yalitokea Julai 2024 na tena Mei 2025. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa katika akaunti ya yule aliyeiandaa kompyuta siku ya kwanza. Ni nani huyo katika tawi lenu? Kama ni kijana wa dukani, au katibu aliyeachishwa miaka miwili iliyopita, basi rejista yenu iko mikononi mwake. Bila tarakimu hizo hakuna fundi atakayeifungua. Kamati iingie katika akaunti hiyo wiki hii, iandike tarakimu zote 48 katika daftari, na daftari likae pamoja na kitabu cha hundi. Akaunti iwe ya tawi, isiwe ya mtu.

Kompyuta ya mwajiri

Mpaka sasa tumesema juu ya kompyuta yetu. Lakini mizani ya majani ya chai, saa ya kidole getini na orodha ya mishahara navyo viko kwenye kompyuta, nazo husasishwa vile vile.

Katika kiwanda kimoja nilichokuwa nikikihudumia, sasisho la usiku liliirudisha mashine ya getini kwenye saa za Uingereza, saa 3 nyuma yetu. Mtu aliyeingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 12 jioni aliandikwa ameingia saa 10 alfajiri na kutoka saa 9 alasiri. Programu ilihesabu tangu zamu ilipoanza, saa 1, ikatupa zilizotangulia. Kila mtu alipunjwa saa 3 kwa siku, na za ziada zilikwenda zote. Karani alisema kompyuta haisemi uongo. Kilichookoa malipo ya watu ni daftari la shilingi chache, ambalo wawakilishi wa zamu walikuwa wakiandika saa za kuingia na kutoka. Kurasa ziliwekwa mezani kando ya orodha ya kompyuta. Tofauti ilikuwa saa 3 kamili kwa kila mtu, na hata karani aliona kwamba watu wote hawawezi kuchelewa na kuwahi kwa kiasi kimoja.

Wala si viwanda vidogo tu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani kwa siku moja. Ndege hazikuruka, na huko India wasafiri waliandikiwa hati za kupandia ndege kwa kalamu. Mafundi walilazimika kupita mashine moja moja kuondoa faili lile bovu.

Kwa hiyo wakati wa kuzungumza na mwajiri juu ya mkataba wa pamoja, tawi lidai haya yaandikwe: kwamba mashine ya saa au mizani ikiharibika, kumbukumbu ya mkono iliyotiwa sahihi na mnyapara na mwakilishi ndiyo itakayolipiwa, kwamba mfanyakazi aliyefika kazini akakuta mitambo imesimama kwa sababu ya kompyuta asihesabiwe hakuja, na kwamba wawakilishi waarifiwe tarehe ya kila sasisho la mashine za saa, mizani na mishahara, ili siku hiyo daftari liwe getini tangu alfajiri.

Ikiwa sasisho limekwisha kuwapunja watu, msingoje mwisho wa mwezi. Andikeni barua siku hiyo hiyo, mtaje tarehe, mashine na zamu, mkiambatanisha kurasa za daftari. Iwe nakala mbili, na ile ya tawi igongwe muhuri wa kupokelewa katika ofisi ya mwajiri kabla mjumbe hajaondoka.