Siku Nne za Mapumziko na Hati ya Baba

Mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Kakuma, Kaunti ya Turkana, ameleta swali ambalo kwa juu juu linahusu likizo tu, lakini ndani yake limebeba mambo ya ndoa, ya sheria na ya malezi. Mwalimu huyu ni Mkenya wa jamii ya Waturkana. Mumewe ni mkimbizi kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, mwenye duka dogo katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na ndoa yao, ambayo imesajiliwa kisheria, imetimiza miaka 10. Wamejaliwa watoto watatu, mkubwa wa miaka 9 na mdogo wa miaka 3. Mapumziko ya katikati ya muhula yatawapa siku nne, na watoto, ambao wamefundishwa darasani habari za Fort Jesus, wanaomba wapelekwe Mombasa wakauone mji wa kale. Baba anasema mama aende na watoto, yeye atabaki dukani. Shemeji anashauri waondoke wote bila kuomba ruhusa yoyote, kwa kuwa wengi hufanya hivyo. Na mwalimu anauliza amsikilize nani.

Kuhusu Mombasa jibu ni fupi: safari hiyo isubiri likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, inastahili kuonwa na kila mtoto wa Kenya, lakini kutoka Kakuma hadi pwani, kwa kupitia Lodwar, Kitale na Nairobi, ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwa basi na watoto wadogo, umbali huo unakula siku mbili za kwenda na mbili za kurudi, hivyo kwamba familia yenye siku nne ingefika, ikalala, kisha ikafunga mizigo bila kuona hata mlango mmoja wa nakshi.

Swali la mji gani basi unafaa halihitaji kwenda mbali. Mji wa kihistoria, kwa maana inayotumiwa na wanahistoria, ni mji ambamo mambo yaliyobadili maisha ya watu wengi yalitokea na ambamo mabaki ya mambo hayo bado yanaweza kuonwa. Kwa kipimo hicho Lodwar, ulio kando ya Mto Turkwel na umbali wa takriban kilomita 120 za lami kutoka Kakuma, ni mji wa kihistoria kamili, ijapokuwa wenyeji wake wengi hawajazoea kuuita hivyo. Jomo Kenyatta, aliyekamatwa Oktoba 1952 na kuhukumiwa Kapenguria Aprili 1953 kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, alitumikia kifungo chake Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, na alipokimaliza mwaka 1959 hakuruhusiwa kurudi kwao. Aliletwa Lodwar akawekwa kizuizini, yaani katika hali ambayo mtu hayumo gerezani wala hana ruhusa ya kutoka mahali alipopangiwa. Hapo aliishi na mkewe, Mama Ngina, katika nyumba ndogo, akitakiwa kuripoti kila siku kwa mkuu wa wilaya, hadi alipohamishiwa Maralal Aprili 1961 na kuachiwa huru Agosti mwaka huohuo. Wakoloni waliichagua Turkana kwa sababu ya joto na umbali wake, na pia kwa sababu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizofungwa, ambamo mtu wa nje hakuweza kuingia bila kibali. Nyumba hiyo ya Lodwar ndiyo ingekuwa kituo cha kwanza cha watoto hawa, na ni vyema mwalimu aulize mapema katika ofisi ya kaunti inayoshughulikia utamaduni na utalii ni saa ngapi wageni wanaweza kuingia na nani atawaeleza.

Historia ya Turkana haikuanza na wakoloni, na hapa ndipo mtoto wa miaka 9 atakapopata jambo la kumshangaza. Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Mkenya Kamoya Kimeu aligundua kipande cha kwanza cha mifupa ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.6 iliyopita, mifupa ambayo ni miongoni mwa iliyo kamili zaidi kuwahi kupatikana ya binadamu wa kale. Wataalamu wengi hukadiria kuwa alikufa akiwa na miaka 8 au 9. Nariokotome ni mbali mno kwa safari hii, lakini mtoto akisimuliwa habari hizo akiwa amesimama kwenye nchi ileile ambayo mvulana huyo aliikanyaga, hazitamtoka. Kinachoweza kufikiwa ni nguzo za mawe za Namoratunga, kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol. Masimulizi ya Waturkana yanasema nguzo hizo ni watu waliogeuzwa mawe, na mama, aliyekulia katika masimulizi hayo, ndiye anayefaa kuyatoa; utafiti wa akiolojia, yaani elimu ya kuchunguza mabaki ya watu wa zamani, unaonyesha kuwa nguzo za aina hiyo ziliwekwa na wafugaji wa kwanza wa eneo la ziwa takriban miaka 5,000 iliyopita, mahali walipozika wafu wao. Watoto na wapewe simulizi zote mbili bila kulazimishwa kuchagua, na wakatazwe kupanda juu ya mawe.

Siku ya nguzo iwe pia siku ya ziwa, kwa kuwa barabara ni hiyohiyo, na chemchemi za Eliye ziachwe kwa safari nyingine, maana kuzidisha vituo ndiko kunakoharibu likizo nyingi za watoto. Joto la Lodwar la mchana hufika nyuzi 35 na zaidi, kwa hiyo matembezi yote yafanyike kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni, na katikati watoto walale gesti, chumba chenye feni na chandarua. Maji ya kunywa yabebwe mengi kuliko yanavyodhaniwa kuhitajika. Maji ya ziwa yana magadi na hayafai kunywewa, na kwa kuwa ziwa lina mamba, mtoto asiingie majini isipokuwa pale ambapo wavuvi wa hapo wenyewe wameonyesha.

Jambo zito limebaki, nalo ni la baba. Kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, serikali hutenga maeneo ambamo wakimbizi huishi, na mkimbizi anayetaka kutoka nje ya eneo lake anatakiwa kupata ruhusa, ambayo huandikwa kwenye hati ya kusafiri inayotolewa na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Lodwar iko nje ya maeneo ya wakimbizi ya Kakuma na Kalobeyei, hivyo hati hiyo inahitajika hata kwa kulala usiku mmoja. Watoto hawaihitaji, kwa sababu Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 14, inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa kila mtu ambaye mmoja wa wazazi wake alikuwa raia siku aliyozaliwa. Wabebe tu vyeti vyao vya kuzaliwa. Ushauri wa shemeji, hata ukiwa umetoka kwenye mapenzi, haufai kufuatwa: baba anayeshushwa kwenye gari mbele ya wanawe kwa kukosa karatasi anapata hasara ambayo hakuna matembezi yatakayoifidia, na huenda akajikuta mbele ya hakimu. Ombi liandikwe kwa ukweli, kwamba ni safari ya familia ya siku nne, na liambatishwe nakala ya cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Kwa kuwa hati hizi kwa kawaida hutolewa kwa sababu kama matibabu, masomo na biashara, yawezekana ombi likakataliwa. Hilo likitokea, tarehe isogezwe na liombwe tena, na wala isitungwe sababu ya uongo.

Baba akisema atabaki dukani, mwalimu asimchukulie kuwa hajali. Inaelekea zaidi kwamba mtu huyu anaona haya kuomba ruhusa ya kutembea na watoto wake mwenyewe, na aibu ya namna hiyo haiondolewi kwa kumwacha nyumbani. Inafaa wazazi wote wawili waketi na mtoto mkubwa kabla ya safari wamweleze waziwazi kwa nini baba anahitaji hati na mama haihitaji, kwamba alikimbia vita, kwamba Kenya ilimpokea, na kwamba upokezi huo umewekewa mipaka ambayo watu wazima bado wanaijadili. Mtoto aliyekwisha kuelezwa hivyo, akifika kwenye nyumba ya Kenyatta na kusikia habari za mtu aliyekatazwa kutoka Lodwar, huenda akauliza kama baba naye ni mfungwa. Ajibiwe kwamba hayo ni mambo mawili: Kenyatta alizuiwa kwa amri iliyomlenga yeye, ili sauti yake isisikike, ilhali sheria ya wakimbizi inawahusu wote na inawapa ulinzi pamoja na vizuizi, kisha aachwe aulize zaidi, kwa sababu swali lake ni la haki.

Kuna jambo ambalo mwalimu hakuliuliza nalo linastahili kutajwa. Kifungu cha 15 cha Katiba kinampa mtu aliyekaa katika ndoa na raia wa Kenya kwa muda usiopungua miaka saba haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia, akitimiza masharti yaliyowekwa na sheria. Ndoa hii imepita muda huo kwa miaka mitatu. Njia hiyo ni ndefu na kwa mkimbizi ina vikwazo vyake, kwa hiyo wazazi hawa wamwone wakili katika mojawapo ya mashirika yanayotoa msaada wa kisheria Kakuma, wakiwa na cheti cha ndoa mkononi. Ombi la hati ya kusafiri lipelekwe wiki hii, na gesti ya Lodwar isilipiwe mpaka jibu lipatikane.