"Impala alikatala kulamuka": upatanisho wa kisarufi na mapenzi ya gari la kale mtaani Karavia

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa mapema kwamba kiambishi a- ni cha viumbe hai. Tunasema mtoto analala, mbwa analala, kiboko analala, ingawa kiboko huanza na ki- kama kiti na kisu. Kitu kisicho na uhai hufuata ngeli yake: kiti kimevunjika, mlango umefungwa, gari limesimama. Katika makala haya ninachunguza mfano unaoonekana kuvunja kanuni hiyo. Nimeusikia mara nyingi kwa jirani yangu hapa Karavia, mzee anayemiliki Chevrolet Impala ya mwaka 1963. Nitamwita Mzee tu. Mwishoni nitapendekeza kazi ambayo msomaji anaweza kuifanya mwenyewe mtaani kwake.

1. Gari na majina yake

Impala ya Mzee ina urefu wa zaidi ya mita tano, taa sita za mviringo nyuma, na usukani upande wa kushoto, jambo analolitaja kwa fahari kila inapopita Toyota iliyoletwa kwa njia ya Dar es Salaam, yenye usukani wa kulia. Imekaa chini ya mwembe. Huwaka siku moja, ikanyamaza wiki tatu.

Majina yake mawili yanatufaa sisi wanafunzi wa lugha. Kampuni ya Chevrolet ilianzishwa Detroit mwaka 1911 na ikapewa jina la Louis Chevrolet, dereva wa mashindano aliyezaliwa mwaka 1878 La Chaux-de-Fonds, Uswisi, mahali wanapozungumza Kifaransa. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi anayetamka "Shevrole" kwa mazoea yake ya Kifaransa yuko karibu na matamshi ya mwenye jina. Impala, jina lililoanza kutumika kwa magari hayo mwaka 1958, ni neno la Kizulu. Ni yule mnyama ambaye Kiswahili humwita swala pala. Neno la Kibantu lilivuka bahari, likapigwa chapa kwenye bati huko Marekani, kisha likarudi Afrika likiwa na magurudumu.

Neno la jumla la gari hapa kwetu ni motoka. Wengine hutamka mutuka. Chanzo chake ni Kiingereza, na ni ndugu wa motokaa ya pwani na mmotoka ya Kiganda. Sehemu za ndani, kinyume chake, zina majina ya Kifaransa: motere, volani, batri, na mafuta yake ni esansi. Anayeshika volani ni shofere. Pwani wanasema injini, betri na dereva, lakini kwa volani walichukua usukani, neno la chombo cha baharini. Kila mahali watu walilipa gari majina kutokana na kazi na wageni waliokuwa wamewazoea.

2. Mifano

Sentensi zifuatazo nimezisikia kwa Mzee kwa siku mbalimbali. Tahajia ni yangu.

(a) Impala alikatala kulamuka. (Impala alikataa kuamka.)
(b) Nilimunawisha asubui. (Nilimwogesha asubuhi.)
(c) Batri ilikufa.
(d) Toyota ya mutoto ilikufa.
(e) Motere iko muzuri, ni yeye mwenyewe anachoka.

Katika (a) kiambishi ni a-. Katika (b) yambwa ni -mu-, na kitenzi ni kile tunachotumia kwa mtoto anayeogeshwa. Lakini (c) na (d) zina i-, kama tunavyotarajia kwa vitu. Sentensi (e) ndiyo yenye mafunzo zaidi: motere ina i-, lakini gari zima, ambalo motere ni sehemu yake, lina yeye na a-. Mzee anatofautisha chuma kilichomo ndani ya gari na gari lenyewe, kama tunavyosema "mguu unauma" na papo hapo "mgonjwa anaumwa".

3. Pingamizi

Mwenzangu mmoja darasani alisema jambo hili halina ajabu: impala ni mnyama, basi a- inafuata jina. Pingamizi hilo ni zuri, na linaweza kupimwa. Mzee anapoacha jina na kusema motoka yangu, je, anarudi kwenye i-? Nilimsikiliza kwa makini. Alisema: "Motoka yangu anazeeka sawa na miye." Kimilikishi yangu ni cha ngeli ya kitu, lakini kitenzi kina a-. Basi a- haitokani na jina la mnyama peke yake. Tena, Toyota ya mwanawe hajaipa a- hata mara moja mbele yangu.

Pingamizi la pili ni kwamba Mzee anakosea sarufi. Hili silikubali. Mtu anayekosea hukosea ovyo. Mzee ana utaratibu. Isitoshe, sarufi sanifu yenyewe inaruhusu mwendo wa namna hii kwa upande mwingine. Tukitaka kumdunisha mtu au kumtisha kwa ukubwa wake, tunasema "jitu hilo limekuja", tukimwondolea a- yake. Na katika hadithi tunazosimulia watoto, jua husema na jiwe hujibu kwa a-. Kama sarufi inakubali mtu ashushwe hadi li-, hakuna sababu ya kushangaa kitu kinapopandishwa hadi a-.

4. Nyumba moja, viambishi viwili

Suala hili si la darasani tu. Wana wa Mzee wanataka gari liuzwe. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita mitaani, na pesa hiyo ingelipa karo ya wajukuu wawili. Hoja yao ina uzito, na sitaki kuwadharau. Nikikaa nao bila baba yao, husema: inaoza, inakula nafasi, iuzwe. Siku moja mnunuzi aliingia uani, akaligonga gari kwa kidole, akauliza "hii" ina kilo ngapi. Mzee alimjibu kwamba "huyu" hapimwi. Mnunuzi alicheka. Wana hawakucheka.

Nilichogundua baadaye ni kwamba wana hao hao, wakizungumza na baba yao, hutumia a-. Mjukuu wa miaka kumi na miwili anabadilisha kwa wepesi zaidi: kwa marafiki zake, "inawaka", kwa babu yake, "alilamuka". Mbele ya Mzee hakuna aliyethubutu kusema kuhusu bei kwa i-. Ugomvi wa familia hii umebebwa na silabi moja. Hadi ninapoandika haya, gari lipo chini ya mwembe na uamuzi haujafikiwa.

5. Funzo na kazi

Ninaona mafunzo mawili. La kwanza, upatanisho unaweza kueleza msimamo wa msemaji, pamoja na aina ya kitu anachokitaja. La pili, msikilizaji naye ana nafasi: kiambishi hubadilika kutokana na nani anasikia. Mwalimu anayepiga mstari mwekundu chini ya "Impala alikatala" yuko sahihi kwa insha ya Kiswahili sanifu. Akiishia hapo, atakuwa ameifuta habari ambayo sentensi ilikuja kuitoa.

Kwa anayetaka kuendelea: tafuta mtu mwenye kitu cha kale anachokipenda, iwe gari, redio, cherehani au baiskeli. Andika sentensi zake ishirini bila kumwambia unatafuta kiambishi gani. Badilisha jina la kitu uone kama kiambishi kinabadilika. Linganisha na kitu kingine cha aina hiyo hiyo ambacho si chake. Kisha wasikilize wa nyumbani mwake, mbele yake na bila yeye. Ifanye mapema. Wazee wanaosema hivi wanapungua, na vitu vyao vinapimwa kwa kilo.