Kijana Akipandisha Hasira Wodini: Vidokezo kwa Walio Zamu

Usiku wa Jumamosi, hospitali ya wilaya. Bodaboda inasimama, kijana anashushwa kichwa kikivuja damu, wenzake wanapiga kelele. Zamu ina nesi mmoja, na mlinzi yuko getini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hushambuliwa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi, na wanaotukanwa au kutishiwa ni wengi zaidi. Hatari hiyo inaweza kupunguzwa, kwako na kwa kijana mwenyewe.

1. Fikiria ugonjwa kabla ya ukorofi. Anayerusha ngumi huku akiongea yasiyoeleweka huenda amelewa, lakini huenda pia sukari imeshuka, malaria imepanda kichwani, ametoka kupata kifafa, au damu inavujia ndani ya fuvu. Harufu ya gongo isikudanganye: pombe yenyewe hushusha sukari, na mlevi naye huanguka akaumia kichwa. Pima sukari mapema. Ni tone la damu tu, na jibu hutoka papo hapo. Ikiwa ndiyo chanzo, akichomwa glukosi ya mshipani anaweza kutulia na kuuliza yuko wapi, huku waliomwita mvuta bangi wakibaki wameduwaa.

2. Jua mlango uko wapi. Usimzibie njia, wala usikubali akuzibie wewe. Simama upande kidogo, mbali kuliko urefu wa mkono wake, viganja vyako vionekane. Trei yenye makasi na sindano iondolewe kabla hajaifikia. Kitambulisho cha kuning'inia shingoni kibane mfukoni.

3. Aongee mmoja. Watu watatu wakimfokea "Tulia!" kwa pamoja, hatatulia. Achaguliwe anayesikilizwa naye, hata kama ni mhudumu wa usafi anayetoka mtaa mmoja naye. Sauti chini, maneno machache, kisha umwache ajibu: "Mdogo wangu, mimi ndiye nesi wa zamu. Naona unaumia. Ukae kwenye kiti au ulale?" Uamuzi huo mdogo unampa heshima aliyokuwa akiitafuta kwa ngumi.

4. Punguza watazamaji. Mbele ya wenzake kijana hawezi kurudi nyuma bila kuonekana mwoga, kwa hiyo waombe wasubiri nje, abaki mmoja. Muulize yeye abaki nani. Wakati mwingine ugomvi wenyewe umeanzia kwa baba aliyemleta. Na wala asiitwe teja, chokoraa au panya road, hata pembeni. Anasikia.

5. Taja muda, na uutimize. Kusubiri bila kujua kinachosubiriwa kunachochea hasira kuliko maumivu. Mwambie kwamba daktari yuko chumba cha upasuaji na utapita kumwona baada ya nusu saa, kisha upite kweli. Anayevuja damu asizuiliwe mlangoni kwa sababu ya PF3, fomu ya polisi. Zuia damu kwanza, fomu ifuate.

6. Asikandamizwe kifudifudi. Ikibidi ashikwe, wawepo watu wa kutosha, mmoja aongoze, na mwingine kazi yake iwe kuangalia pumzi tu. Goti mgongoni au mkono shingoni vinaweza kumuua, na vimewahi kuua.

7. Muulize akiwa ametulia. Hiki ndicho ninachokithamini kuliko vyote, hasa kwa wanaofanya kazi mahabusu za watoto, nyumba za waraibu na wodi za afya ya akili. Wengi wa vijana hawa wamepigwa tangu utotoni, na mkono unaomshika bega kwa nyuma bila taarifa unaweza kumrudisha kule kule. Mwambie kabla hujamgusa. Siku njema kaa naye uulize: nini hukupandisha hasira, na nini hukushusha? Mmoja atasema hapendi mlango ufungwe. Mwingine ataomba aachwe atembee uani. Yaandikwe kwenye faili lake, yasomwe zamu zikikabidhiana.

8. Ukipigwa, usimalize zamu kimya. Tibiwa. Ukichomwa sindano iliyotumika, uking'atwa mpaka damu ikatoka, au damu ya kijana ikiingia kwenye jeraha au jichoni, omba ushauri wa dawa za kuzuia VVU mara moja. Saa 72 ndio mwisho, si muda wa kusubiri. Ulizia na chanjo ya homa ya ini. Andika kilichotokea, saa, na kilichotangulia. Ni ajali ya kazini, na kwa Tanzania Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya hayo.

9. Kwa waganga wafawidhi. Swali la kwanza kwa nesi aliyepigwa lisiwe "Ulimwambia nini?" Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unahesabu ukatili kazini kuwa jambo la kuzuiwa, na mwajiri ana sehemu yake. Msimpange mtu peke yake usiku. Kama fedha hazipo, anzeni na taa ya korido, na mlinzi atolewe getini akae karibu na mapokezi. Kijana naye, kabla ya kuruhusiwa, apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii. Akirudishwa mtaani na nyuzi kichwani bila mtu wa kumfuatilia, Jumamosi nyingine mtampokea tena.