Kabla ya Kulipia Kinanda, Kipige Kwanza: Somo Kutoka Dukani Voi

Mwezi uliopita tulipigiwa simu na mweka hazina wa kwaya moja ya Sagalla, ule mlima unaouona ukisimama mjini Voi. Swali lake lilikuwa fupi: "Nikitumia mtu dipoziti halafu asinitumie kitu, nyinyi mnaweza kunirudishia?"

Tulimwuliza ni dipoziti ya nini. Kumbe wanakwaya 20 walikuwa wamechanga shilingi 200 kila mwezi kwa miezi 8, jumla shilingi 32,000, ili wanunue kinanda cha umeme. Kijana mmoja wa kwaya aliona picha ya kinanda kizuri kwenye simu, bei ya chini kabisa. Muuzaji akasema yuko Nairobi, anataka shilingi 15,000 kwanza, "maana wengine wanakitaka leo leo." Walipomwomba nambari ya till, akajibu till imekwama, watume tu kwa nambari yake, tena na ya kutolea. Jina la nambari hiyo halikufanana hata kidogo na jina aliloandika kwenye tangazo.

Tulimwambia mama asitume chochote. Voi yenyewe kuna duka la vyombo vya muziki, hatua chache tu kutoka stendi ya matatu. Tukakubaliana tukutane hapo Jumamosi, yeye, mwalimu wa kwaya na sisi wawili kutoka ofisini. Walituruhusu tuwasimulie wateja wengine, mradi tusitaje majina.

Mwenye duka ni kijana mpole. Hakuanza na bei. Aliuliza: "Kanisa lenu lina stima? Na anayepiga ni mwalimu peke yake au kuna wanaojifunza?" Maswali mawili hayo yaliondoa nusu ya vinanda vilivyokuwa rafuni. Kikubwa chenye vibonye 88, kama piano, kilikuwa kizito mno kupandishwa mlimani kwa pikipiki. Akashusha vidogo vya vibonye 61, akavifuta vumbi jekundu la Voi, akaviweka mezani. "Piga tu, mwalimu. Hakuna haraka."

Hapo ndipo tulipojifunza sisi pia. Vinanda viwili vya Casio, CT-S200 na CT-S300, ukivitazama kwa mbali utadhani ni pacha. Mwalimu alipiga wimbo uleule kwa vyote viwili, kwanza kwa vidole vyepesi, kisha kwa nguvu. Kwa CT-S200 sauti ilitoka sawa tu, upige polepole upige kwa hasira. CT-S300 kinahisi mkono: ukigusa taratibu kinanong'ona, ukibonyeza kwa nguvu kinapaza sauti. Kwa mtoto anayejifunza noti, cha kwanza kinatosha. Kwa mtu anayeongoza kwaya, tofauti hiyo ni kubwa, na kwenye picha ya simu huwezi kuiona kamwe.

Mwenye duka akamwonyesha mwalimu namna ya kukagua chombo. Unapita kibonye kimoja kimoja kutoka kushoto hadi kulia, vyeupe na vyeusi, bila kuruka hata kimoja. Unasikiliza kama kuna kinachokwama au kinachotoa sauti dhaifu kuliko jirani yake. Kisha unapandisha sauti hadi mwisho, usikie kama spika zinakoroma. Unajaribu kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo, maana waimbaji wakishindwa kufika juu, mpigaji hushusha wimbo bila kubadilisha vidole. Unachomeka heidifoni pia. Kwenye vinanda vidogo vingi tundu hilo hilo ndilo linalopeleka sauti kwa amplifaya ya kanisa, kwa hivyo likiwa limelegea, Jumapili mtaaibika.

Mambo ya umeme yalichukua muda zaidi. Sagalla stima hupotea, na ikipotea katikati ya ibada hakuna wa kumlaumu. CT-S300 hutumia pia betri sita ndogo, zile za AA. Tukazinunua, akaziweka, akang'oa adapta, muziki ukaendelea. Halafu akatuonya kuhusu adapta zenyewe: ya kinanda hicho ni ya volti 9.5, wakati vinanda vingi vya Yamaha vya kiwango hicho hutumia volti 12. Plagi inaweza kuingia vizuri kabisa na bado ikakichoma chombo. Soma maandishi ya kinanda na ya adapta, na hata alama ya chanya na hasi ilingane, usitazame ukubwa wa plagi tu.

Mwalimu alipiga karibu saa nzima. Watu wawili watatu walisimama mlangoni kusikiliza. Si ajabu, huku ndiko nyumbani kwa Fadhili William, aliyerekodi "Malaika", na muziki Wataita hawaupiti hivi hivi.

Bei ilikuwa shilingi 29,500 pamoja na adapta na stendi. Mama akatoa simu. Mwenye duka akasema, "Mama, usilipe bado, ngoja nikuandikie risiti yenye nambari ya chombo uisome kwanza." Tunatamani wauzaji wote wangekuwa hivyo.

Kisha mama akaandika nambari ya till iliyobandikwa kwenye kaunta, akaandika kiasi, na jina la mpokeaji likatokea. Akasita. "Mwanangu, mbona hapa naona jina la buchari?"

Alikuwa amebonyeza 7 mahali pa 4. Shilingi 29,500 za kwaya zilikuwa zimebakisha PIN tu ziende kwa muuza nyama asiyemjua. Akaghairi, akaanza upya, akasoma nambari kwa sauti huku mwalimu akifuata kwa kidole. Jina likatokea, na lilikuwa lilelile la kwenye leseni ya kaunti iliyotundikwa ukutani. Ndipo akaweka PIN.

Jina hilo huonekana kabla pesa haijaondoka, na sekunde chache za kulisoma ndizo kinga yako kubwa kuliko zote. Sasa turudi kwa swali alilotuuliza kwenye simu. Ukikosea na pesa ikaenda, mteja wa M-Pesa anaweza kupeleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 kuomba urejeshwe. Fanya hivyo papo hapo. Lakini pesa ikiwa imeshatolewa upande wa pili, kazi huwa ngumu. Na ukimtumia tapeli kwa hiari yako, kwa nambari sahihi uliyokusudia, hujakosea nambari. Hiyo inakuwa kesi ya kuripoti polisi, na kurudishiwa si hakika.

Mnunuzi kwa till ya Lipa na M-Pesa hakatwi ada, na ile habari ya "tuma na ya kutolea" haipo. Muuzaji wa duka akikataa till na kung'ang'ania nambari yake binafsi, muulize sababu. Naye muuzaji ana haki ya kusubiri ujumbe kwenye simu yake mwenyewe. Kijana yule hakutazama simu ya mama hata kidogo, alingoja ya duka ilie. Ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mtu mwingine unaweza kutungwa.

Tulipokuwa tukifunga kinanda, mama akatunong'oneza jambo jingine. Michango ya kwaya alikuwa akiipokea kwenye laini yake ya kila siku, na mwezi wa tatu alikuwa na deni la Fuliza. Shilingi 200 za waimbaji wawili zilipoingia zilikatwa kulipa deni lake, akalazimika kuzijaza kutoka mfukoni. Ndivyo Fuliza inavyofanya kazi: pesa yoyote ikiingia, deni hutangulia. Kwa pesa za kikundi, fungueni laini ya pembeni isiyo na mkopo wowote, na taarifa ya muamala isomwe mbele ya watu kila mwezi.

Zilibaki shilingi 2,500, wakanunua kifuniko cha kuzuia vumbi. Mama akatuma ule ujumbe wa malipo kwenye kundi la kwaya kabla hata ya kutoka dukani, pamoja na picha ya risiti, kwa sababu waranti ya mwaka mmoja itadaiwa kwa karatasi hiyo na karatasi za dukani hufifia haraka kwa joto la Voi. Kabla matatu ya Sagalla haijajaa, jibu la kwanza lilikuwa limeshaingia: "Mazoezi ni saa ngapi kesho?"